Afisa Shukrani na Kikombe cha Tatu

Nchi yetu ina jina, lakini sitalitaja. Lilibadilishwa majuzi, na waraka wenye jina jipya bado haujafika ofisini kwetu. Nikitaja la zamani nitaonekana msaliti, nikikisia jipya nitaonekana nina haraka kuliko serikali. Basi tuiite nchi yetu, na ninyi mtajua wenyewe kama ni yenu pia.

Mimi naitwa Mbaruku Kitogo. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa Afisa Shukrani Daraja la Tatu, katika Maabara Kuu ya Mizizi, Magome na Majani. Mtu wa nje anaweza kujiuliza maabara inamtakia nini afisa shukrani. Ni swali la mtu asiyeijua Sheria ya Shukrani, ambayo inasema wazi kwamba hakuna kitu chenye manufaa kitakachotumiwa na mwananchi kabla hakijashukuriwa. Bomba likichimbwa, maji hayachotwi mpaka yashukuriwe. Daraja likijengwa, halivukwi. Daraja letu la Mto Lugoye lilisombwa na mafuriko wakati nimefika ukurasa wa nane wa shukrani zake. Tulizisoma mpaka mwisho, maana sheria haikusema popote kwamba lazima daraja liwepo.

Shukrani zenyewe ni majina mia tatu na kumi na mawili. Yanaanza na Mfadhili Mkuu, kiongozi wetu, pamoja na sifa zake kumi na moja, yanashuka kwa mama yetu mke wake, mawaziri, manaibu, wakuu wa mikoa, mpaka diwani wa kata kilikotoka kitu chenyewe. Kwa msomaji mzuri ni saa moja na dakika arobaini, ikiwa hakuna anayekohoa. Kiongozi akikohoa wakati jina lake linasomwa, tunalirudia, isije ikaonekana limepita na kikohozi.

Zamani walikuwepo wasomaji wavivu. Walikuwa wakisimama, wanasema "Itifaki imezingatiwa," basi, wanaingia kwenye jambo lililowaleta. Maneno hayo mawili yalipigwa marufuku. Mtu wa mwisho kuyatamka hadharani alikuwa mwalimu mkuu mmoja, siku ya michezo, jua likiwa kali na watoto wakianguka. Alihamishiwa kwenye shule ambayo haijajengwa, na nasikia yupo huko kwenye kiwanja anasubiri. Wakati ule mimi niliona ni haki kabisa.

*

Masika ya mwaka jana yalituletea homa ya matope. Siku ya kwanza mtu anachoka, siku ya tatu meno yanagongana, siku ya saba macho yanakuwa ya njano, na siku ya kumi majirani wanatandika mikeka nje. Hospitali zilijitahidi. Vidonge vyeupe vilitolewa kwa homa, vidonge vyeupe vikatolewa kwa macho ya njano, na wafiwa nao walipewa vidonge vyeupe.

Ndipo Waziri wa Afya na Furaha, Mheshimiwa Tindwa, alipolihutubia taifa akiwa amesimama pembeni ya mashine mpya ya maabara yetu.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Babu zetu walikula mizizi wakaishi miaka mia! Sisi tunakula vidonge na tunaishi..." Akaiangalia karatasi. "Na sisi tunaishi vizuri sana, kwa hisani ya Mfadhili Mkuu! Lakini sasa tutakula mizizi kisayansi! Kuanzia leo, jani lolote halitaingia kinywani mwa mwananchi kabla halijapita kwenye mashine hii!"

Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza kama mchicha umo. Waziri alisema swali ni zuri, akaunda kamati. Wiki mbili mji mzima ulikula ugali mkavu, mpaka kamati ilipogundua kwamba mchicha ni mboga.

Mashine yenyewe tulipewa na nchi rafiki. Ilikuja imefungwa nailoni na utepe, na haikuruhusiwa kufunguliwa mpaka Mfadhili Mkuu apate nafasi ya kuukata utepe huo. Kwa hiyo kazi yote ya kupima ilifanywa na Daktari Nzowa kwa panya weupe arobaini na wawili. Daktari Nzowa alikuwa mwanamke mwembamba, miwani yake ameifunga kwa uzi. Alisoma ng'ambo akarudi, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzielewa. Alikuwa anaipangusa mashine vumbi kila Ijumaa, juu ya nailoni.

*

Waganga walifika kutoka kila upande, arobaini na mmoja, kila mmoja na furushi lake. Wa mwisho alikuwa Bi Sihaba, kutoka bonde la Mkwiro, ng'ambo ya mto. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga mbili, mabuti ya mvua, na gunia la magome kichwani. Alivuka kwa mtumbwi wa mwisho kabla mto haujafunga njia kabisa. Hakuwa na subira hata kidogo. Nilipomkaribisha kiti alikitazama kama vile nimempa kazi nyingine.

Nikafungua fomu. "Jina la dawa?"

"Mtengwe."

"Inatibu nini?"

"Homa hii inayowamaliza."

"Inatumikaje?"

"Gome moja, sufuria moja, inachemka mpaka rangi itoke. Mgonjwa anakunywa kikombe kimoja, moto moto, siku tatu mfululizo, saa ile ile. Ikipoa, mwaga, imekwisha kazi."

"Sasa, mama, kipengele cha nne. Maneno ya shukrani ya mleta dawa, yasipungue mia mbili."

"Hayapo."

Nilidhani hajanielewa. "Mama, hiki kipengele si cha hiari."

"Baba, nisikilize na wewe. Dawa hii haiambiwi asante. Anayeitoa haambiwi, anayeinywa hasemi. Unakunywa, unarudisha kikombe, unakwenda zako, unaniacha na jiko langu. Ndivyo alivyofanya mama yangu na bibi yangu."

"Kwa sababu gani?"

"Sijui. Nilikatazwa nikakatazika. Ila nimeona kitu kimoja: mtu akianza kushukuru, anasimama, anaongea, kikombe kinapoa mkononi."

Mimi nimekula mkate wangu wote kwa neno asante. Nilijisikia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Hata hivyo nilimwandikia shukrani zake mwenyewe, maneno mia mbili na sita, nikamshika mkono nikamsaidia kuweka dole gumba. Niliamini namfanyia hisani.

*

Jaribio la kwanza lilifanyika Jumatano, saa nne asubuhi. Panya walikuwa na homa, sufuria ilikuwa inatokota, viongozi walikuwa wamekaa. Nikasimama nikasoma.

Nilipofika ukurasa wa tatu, mvuke ukakatika. Bi Sihaba akainuka. "Inapoa hiyo!" Askari akamkalisha. Ukurasa wa tano akainuka tena, akakalishwa tena. Nilipomaliza jina la diwani, sufuria ilikuwa baridi kama ya jana. Panya wakanyweshwa. Ijumaa wakafa wote, na taarifa rasmi ikasema: "Dawa haikufanya kazi, ingawa panya walifariki wakiwa wameshukuru ipasavyo."

Daktari Nzowa alinifuata mezani kwangu, akainama. "Mbaruku," alinong'ona, "gome halina tatizo. Tatizo ni wewe."

Nilicheka. Nilijua ni mtu wa masihara.

Kumbe aliandika barua kwa kamati ya majaribio. Aliomba dawa inywewe kwanza, shukrani zifuate. Kamati ilishtuka. Mwenyekiti alisema kumshukuru Mfadhili Mkuu baada ya kupona ni kumwambia usoni kwamba kabla ya kupona hukuwa na uhakika naye. Basi ikapendekezwa sufuria iendelee kuchemka wakati wote wa kusoma. Bi Sihaba alisema gome likichemka saa nzima linageuka sumu. Wakajaribu wasomaji wanne tusome kwa pamoja, kila mmoja robo yake. Majina yakagongana, cheo cha Waziri wa Mifugo kikamwangukia mama yetu mke wa Mfadhili Mkuu, na msomaji namba mbili siku hizi hatumwoni.

Kamati ikaenda semina ya wiki tatu, kando ya ziwa, kulitafakari suala la joto.

Waganga walizuiliwa kuondoka. Waliwekwa nyuma ya chumba cha panya, katika Banda la Ushahidi, na kila mmoja alivishwa shingoni kadi yenye jina la mmea wake. Gunia la Bi Sihaba lilichukuliwa kuwa sampuli ya kumbukumbu. Magome yakapangwa vizuri kwenye kabati la vioo, yakapuliziwa dawa ya mende yasiharibike. Yeye alibaki na vipande vitatu tu, ambavyo alikuwa amevikalia wakati gunia linakabidhiwa.

*

Sasa niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Jumatano ile ile ya panya, niliporudi nyumbani, binti yangu Mwanamvua alikuwa amelala mchana. Ana miaka tisa, mchana huwa halali hata umfunge kamba. Nikamgusa shingo, nikautoa mkono.

Ninaye huyo mmoja. Tulimpata baada ya miaka kumi na mbili ya ndoa, siku ya mvua kubwa, na ndiyo maana ya jina lake. Nilimpa vidonge vyeupe. Ijumaa meno yake yalianza kugongana, na sauti ile ikanifuata kila chumba. Sikuweza kukaa. Nilikuwa nakwenda dirishani, narudi, nafungua mlango kama vile nimesikia hodi, naufunga. Ofisini nilikuwa natazama saa, kisha naitazama tena kabla mshale haujasogea. Nilisoma shukrani za mizizi ya watu wengine, na kila jina nililotamka nilihesabu: sekunde ishirini, sekunde ishirini nyingine, mtoto anaungua.

Jumanne mke wangu, Mama Mwanamvua, alikoroga uji. Nikasimama kando ya kitanda kuusomea shukrani fupi, zile za nyumbani, dakika nane tu.

"Unamshukuru nani, Mbaruku?" mke wangu aliuliza.

"Mfadhili Mkuu."

"Uji nimekoroga mimi." Akaweka mwiko chini. "Mtoto macho yameanza kuwa ya njano. Wewe una dawa kazini, umeikalia."

"Haijathibitishwa."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, mkubwa vile, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake, akatoka. Nilimfuata njia nzima nikimweleza taratibu. Sijui kama alinisikia, maana hakupunguza mwendo.

Bi Sihaba alimtazama mtoto, akamvuta kope chini, akanitazama mimi. Nilingoja aseme kuhusu dole gumba lake. Hakusema.

"Nina vipande vitatu," alisema. "Nilijiwekea mwenyewe, kwa safari ya kurudi. Vinatosha mtu mmoja. Zaidi ya hapo hakuna. Mti uko ng'ambo, na mto mnauona."

"Vitamtosha?" mke wangu aliuliza.

"Akinywa vyote vitatu, moto, anapona. Mdogo wangu alikunywa viwili. Siku ya tatu wageni wakaja, salamu zikawa nyingi, kikombe kikapoa. Homa ilirudi na haikuondoka tena." Alisema hivyo huku anapuliza mkaa. "Sasa, sharti mnalijua. Hasa wewe, baba."

Saa nne kamili Mwanamvua alikunywa kikombe cha kwanza. Alikunja uso, akarudisha kikombe. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, miaka kumi na tisa ikanisukuma kutoka ndani, nikafika "A..." Bi Sihaba akanibana midomo kwa kiganja chenye masizi. Akanishikilia hivyo mpaka nikatulia.

Siku ya pili kikombe cha pili. Kabla ya adhuhuri, tukiwa bado bandani, homa ilishuka, mtoto akaketi akasema anataka muhogo wa kuchoma. Tuliporudi nyumbani nilitembea kuzunguka nyumba. Shukrani zilinikaa kooni kama tonge. Nikamshukuru jirani kwa kuwa na ukuta, nikaishukuru ndoo, nikamshukuru muuza mkaa ambaye alikuwa anapita tu. Bado haikupungua.

*

Daktari Nzowa alikuwa ametuona kupitia dirisha la chumba cha panya. Alifanya kile ambacho watu waliosoma ng'ambo hawawezi kujizuia kukifanya, yaani aliandika. Na kwa kuwa fomu ya maabara ina nafasi ya panya peke yake, aliandika hivi: "Panya namba 43. Jike. Uzito kilo ishirini na mbili. Amekunywa moto, bila shukrani. Homa imeshuka. Anaomba muhogo."

Karatasi hiyo ilitakiwa ilale kwenye faili. Katibu muhtasi mwenye bidii akaituma kwa Waziri.

Waziri alifika saa kumi jioni na magari sita. "Yuko wapi?" alifoka kwa furaha. "Yuko wapi huyo panya wa kilo ishirini na mbili? Wanasema kilimo chetu kimeshindwa! Waje waone panya wetu!"

Daktari Nzowa alivua miwani, akaipangusa, akasema panya ni mtoto wa mtumishi. Tulidhani tumekwisha. Waziri aliisoma tena karatasi, halafu uso wake ukang'aa zaidi.

"Mtoto!" alisema. "Mtoto anapendeza zaidi kwenye televisheni. Amebakiza vikombe vingapi?"

"Kimoja, Mheshimiwa," nilijibu. "Kesho saa nne."

"Atakinywa Uwanja wa Taifa! Mbele ya Mfadhili Mkuu! Lile kosa la kunywa bila shukrani tutalisahihisha hapo hapo, na msomaji utakuwa wewe, baba yake. Majina yote. Taifa litalia machozi."

Nikajikaza. "Mheshimiwa, kile kikombe ni cha mwisho, hakuna kingine, na kinanyweka kikiwa cha moto. Shukrani ni saa moja na dakika arobaini."

Alinishika bega kwa upendo. "Ndugu Mbaruku, mwenye imani haangalii mvuke."

Alipoondoka nilimwendea Daktari Nzowa, nikamwambia amenimaliza. Alisema anajua. Macho yalikuwa yamemjaa maji. Alisema alitaka tu, mara moja katika maisha yake, kuandika kwamba kitu kimefanya kazi.

*

Uwanja ulijaa. Shule zote zilifungwa, masoko yakafungwa, na wagonjwa wenye uwezo wa kusimama waliletwa kwa malori kuja kushangilia afya. Jukwaani walikaa wakubwa, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mfadhili Mkuu alikuwa katikati, kwenye kiti kirefu, miwani myeusi usoni, na sidhani kama nakosea nikisema alikuwa amelala.

Mwanamvua aliketi kwenye kiti kilichopambwa maua, mbele kabisa, kavaa gauni la sikukuu. Mama yake alisimama nyuma yake. Kando yao, chini, Bi Sihaba alichuchumaa na jiko lake la mkaa, kadi ya mtengwe ikiwa bado shingoni. Aliniambia ataendelea kuchelewesha moto kadiri anavyoweza. Lakini askari wa itifaki alikuwa na saa, na saa nne kamili alimwamuru amimine. Akamimina.

Kikombe kiliwekwa kwenye meza ndogo, kwenye kitambaa cha rangi za taifa. Mvuke ukapanda wima, maana upepo haukuwepo.

Nikafungua kitabu. Nikageuza jalada, na kipaza sauti kikaupokea mchakacho wa karatasi kikautangaza uwanja mzima.

"Kwa heshima na taadhima kubwa," nilisoma, "tunamshukuru Mfadhili Mkuu, Baba wa Mvua, Mlezi wa Mito..." Nikatazama kikombe. "Mwanzilishi wa Barabara..." Nilijua mstari unaofuata, nimeusoma mara elfu. Nilijua pia kwamba baada yake kuna sifa nyingine saba, na mke, na mawaziri thelathini na nane, na kwamba Naibu Waziri wa Mifugo ana kifua na atakohoa. Mvuke ulikuwa umeanza kupinda na kupungua.

Mwanamvua alikuwa ananitazama. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anangoja baba yake amalize kazi, jinsi alivyozoea kuningoja tangu mdogo, akae na njaa yake mbele ya sahani mpaka nifunge kitabu. Nikamtazama Bi Sihaba. Hakunitazama. Macho yake yote yalikuwa kwenye kikombe.

Nikafunga kitabu.

"Itifaki imezingatiwa," nilisema.

Nilisikia maneno hayo yakienda mpaka mwisho wa uwanja, yakagonga ukuta wa saruji, yakarudi. Watu elfu sitini hawakupumua. Waziri Tindwa aliinuka nusu, akabaki hivyo hivyo, hajasimama, hajakaa.

"Mwanamvua," nilisema, na kipaza sauti kikasema pamoja nami, "kunywa, mama."

Akakichukua kwa mikono miwili. Akapuliza mara moja, kwa sababu kilikuwa bado kinaunguza, na sijawahi kuona kitu kizuri kama mtoto yule akipuliza. Akanywa mpaka chini. Akakunja uso. Kisha binti wa Afisa Shukrani, aliyefundishwa kushukuru kabla ya kutembea, akamrudishia Bi Sihaba kikombe, akafuta mdomo, asiseme neno.

Ukimya ulimwamsha Mfadhili Mkuu. Hakuzoea ukimya. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akadhani hotuba imekwisha, akapiga makofi. Basi Waziri akapiga makofi. Uwanja mzima ukalipuka, vigelegele, vuvuzela, bendi ya polisi, watu wanakumbatiana, na wengi wao wakanieleza baadaye kwamba hawakuwahi kufika nyumbani mapema vile baada ya sherehe ya taifa.

*

Uchunguzi ulifanywa kwa haki. Kwa kuwa Mfadhili Mkuu mwenyewe alipiga makofi, sikuweza kufungwa, maana ingeonekana alikosea. Nikahamishwa. Nimeletwa kwenye shule ile ambayo haijajengwa, na mwalimu mkuu, ambaye amekuwa hapa peke yake miaka yote na kengele mkononi, alifurahi sana kupata mwenzake. Mimi ni Afisa Shukrani wa shule. Shule ikijengwa, nitaanza kazi.

Daktari Nzowa alipandishwa cheo. Sasa ni Mlinzi Mkuu wa Utepe wa Mashine, na haruhusiwi kushika kalamu.

Taarifa ya maabara kuhusu mtengwe ilitoka, kurasa tisini. Inasema dawa haijathibitishwa, kwa vile ilitumika kabla ya kushukuriwa. Inasema pia kwamba kupona kwa mtoto Mwanamvua Mbaruku ni kwa muda tu, mpaka uamuzi utakapotolewa. Kwa hiyo binti yangu kisheria ni mahututi. Tuna barua yenye muhuri. Kila siku jioni mahututi huyu anacheza rede na watoto wa kijiji hapa kiwanjani, na hakuna anayeweza kumlenga.

Waganga walifunguliwa baada ya miezi miwili, kwa sababu banda lilihitajika kwa ushahidi mwingine. Kiwanja cha shule kiko kwenye njia ya kwenda kivukoni. Asubuhi moja niliona mabuti ya mvua yanakuja, na juu ya mabuti Bi Sihaba, jiko mkono huu, sufuria mkono huu, furushi kichwani. Gunia hakurudishiwa. Akasimama kupumzika, bila kukaa.

"Mtoto?" aliuliza.

"Jana amevunja mtungi wa mama yake kwa mpira."

"Anakula?"

"Anatumaliza."

Akaitikia kwa kichwa. Nilisimama mbele yake, na kila kitu nilichowahi kusoma kwa ajili ya madaraja na mabomba na watu waliolala vitini kikaja mdomoni kwa mara ya kwanza kikiwa na maana. Nikafungua mdomo. Alinitazama jinsi alivyokuwa anakitazama kile kikombe uwanjani.

Nikaufunga. Nikachukua jiko, nikachukua sufuria, nikatangulia njiani. Tulitembea mpaka kivukoni, saa moja na kitu, hakuna aliyezungumza. Nikaviweka vitu vyake ndani ya mtumbwi, nikarudi.

Mwalimu mkuu alikuwa ananingoja pale kiwanjani na kengele yake. Aliuliza nilikuwa namwambia nini yule mama, njia yote ile.

Nikamjibu kwamba sikumwambia kitu.